Vidonge vya Kumtuliza Daktari

Januari 2009, NICE, taasisi inayowaandalia madaktari wa Uingereza miongozo ya tiba, ilitoa mwongozo kuhusu BPD, lile tatizo la haiba ambalo dunia nzima imezoea kuliita kwa herufi hizo tatu. Kuhusu dawa, mwongozo ulisema bila kuzunguka: zisitumike kutibu BPD yenyewe, wala dalili zinazoambatana nayo, kama vile kujidhuru mara kwa mara, hisia zisizotulia na tabia za kujihatarisha. Miaka sita baadaye yalichapishwa matokeo ya ukaguzi wa dawa wanazoandikiwa wagonjwa katika huduma za afya ya akili za Uingereza hiyohiyo. Asilimia 92 ya wagonjwa wenye BPD walikuwa wameandikiwa dawa za akili.

Waandikaji hawakuwa waganga wa vichochoroni. Walikuwa madaktari wa huduma ya umma, mwongozo uko mezani, wakubwa wa kuwauliza wapo. Marekani nako, ambako mamlaka ya chakula na dawa, FDA, haijaidhinisha hata dawa moja kwa ajili ya BPD, vidonge vinaandikwa kila siku. Na madaktari wetu wa Afrika Mashariki wamesoma vitabu hivyohivyo, wakarithi mazoea hayohayo.

Sidhani tatizo ni ujinga. Madaktari wanajua. Ukikaa nao kwenye chai watakwambia wenyewe kwamba haiba haitibiwi kwa kidonge. Kisha watakupa hoja ambayo ndiyo imani inayotawala, nami nataka niipinge ikiwa katika ubora wake. Wanasema hivi: dawa haiponyi BPD, lakini inapunguza makali ya dalili. Wataalamu wa tiba ya mazungumzo ni wachache, tena ghali. Mgonjwa na ndugu zake wanaomba msaada leo, si mwakani. Daktari hawezi kumwacha binti wa watu aondoke mikono mitupu, kesho apigiwe simu kwamba amejiua. Heri nusu shari kuliko shari kamili.

Ni hoja ya watu wema, ndiyo maana imedumu. Lakini kila kipande chake, ukikigusa, kinabomoka.

Kwa asiyelifahamu tatizo lenyewe, tuchukue binti wa miaka 23, wa kubuni, anayefanana na wengi. Ameamka salama. Saa nne asubuhi amemtumia rafiki yake ujumbe kwenye WhatsApp. Tiki mbili zimekuwa za bluu, jibu hakuna. Saa tano ameshaamini kwamba ameachwa, tena si leo tu: hajawahi kupendwa. Saa sita ametuma jumbe ishirini, nusu za kubembeleza, nusu za matusi. Saa saba amejifungia bafuni na wembe. Saa kumi rafiki anapiga simu; kumbe alikuwa kikaoni. Jioni wanacheka pamoja, na mama mtu anayetazama yote hayo anajiuliza kama mwanawe anaigiza. Haigizi. Maumivu ya saa saba yalikuwa ya kweli kabisa, na kicheko cha jioni nacho ni cha kweli.

Daktari akisimuliwa hayo ataandika kwenye faili kwamba hisia zinabadilikabadilika, kisha ataandika dawa ya kusawazisha hisia. Hapo ndipo kosa linapoanza. Dawa kadhaa za kundi hilo zilianza kama dawa za kifafa, zikaja kuonekana zinawafaa watu wenye bipolar, ambao furaha yao iliyopitiliza au sonona yao huweza kudumu wiki au miezi bila kujali nani amejibu ujumbe na nani hajajibu. Hisia za binti yetu zimegeuka mara tatu kabla ya magharibi, na kila zilipogeuka palikuwa na mtu na tukio. Kwa mbali dalili zinafanana, ila vyanzo vyake ni viwili tofauti, na kidonge hakisomi WhatsApp.

Mwaka 2001 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliihalalisha njia hii ya kufukuza dalili. Mwongozo wake uliigawa BPD katika mafungu, kila fungu na dawa zake: fungu la hisia, fungu la kukurupuka, fungu la mawazo yanayopotoka. Ulikuwa mwongozo nadhifu, wenye michoro ya mishale, na kitu chenye mishale hufundishika. Ukafundishwa, ukakaririwa, ukawa kawaida. Ushahidi wa kuutosheleza ulitarajiwa ufuate nyuma.

Haukufuata. Tukae kidogo kwenye jaribio moja, maana lingepaswa kufunga mjadala kuhusu dawa iliyokuwa kipenzi cha wengi. Lamotrijini ilikuwa imepata sifa kutokana na majaribio mawili madogo, kila moja likiwa na watu wasiofika 30. Watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Mike Crawford wa Imperial College London, kwa fedha za umma na si za kampuni ya dawa, wakakusanya watu 276 wenye BPD. Kwa kura, wengine walipewa lamotrijini na wengine kidonge kitupu kinachofanana nayo kwa umbo. Si mgonjwa wala daktari wake aliyejua nani anameza nini. Walifuatiliwa kwa wiki 52. Matokeo yalichapishwa 2018: hakuna tofauti. Si katika makali ya BPD, si katika sonona, si katika kujidhuru, si katika ubora wa maisha.

Ndani ya jaribio hilo mna mambo mawili ambayo watetezi wa dawa huyapita haraka. Kwanza, makundi yote mawili yalipata nafuu, waliomeza kidonge kitupu sawa na waliomeza dawa. Pili, mwaka ulipoisha, chini ya nusu ya washiriki ndio waliokuwa bado wanameza walichopewa. Mpinzani atadakia: unaona, dawa haikupewa nafasi. Nami nasema nafasi yenyewe ndiyo hiyo. Lamotrijini hupandishwa dozi polepole kwa wiki kadhaa, na mtu akiikatiza kwa siku chache hulazimika kuanza upya kwa dozi ndogo, kwa sababu ikiharakishwa inaweza kuleta upele mkali hata wa kuua. Dawa inayodai nidhamu ya namna hiyo kila siku, mwaka mzima, kutoka kwa mtu ambaye tatizo lake ndilo hilo la kuyumba, haimfai hata kabla hatujauliza inafanya kazi gani mwilini.

Dawa nyingine hazina habari njema zaidi. Olanzapini ilijaribiwa mara mbili na watu wengi kiasi. Katika jaribio lililochapishwa 2008, lenye watu 314, baada ya wiki 12 haikuvizidi vidonge vitupu; katika lile la 2011, lenye watu 451, dozi ya miligramu 5 hadi 10 ilizidi kidogo, na waliomeza olanzapini walinenepa. Kwetiapini ilifanya vizuri kuliko hizo. Nisiifiche: jaribio la 2014 la watu 95 lilionyesha dozi ndogo ya miligramu 150 inapunguza makali ya BPD kuliko kidonge kitupu. Jaribio hilo lilidumu wiki nane. Mgonjwa wa kliniki huandikiwa miaka nane.

Mwaka 2022 wachambuzi wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio yote na kuyapima kwa mizani moja, walijumlisha majaribio 46 yenye washiriki 2,769. Wakahitimisha kwamba dawa, kwa ujumla wake, hazileti tofauti au zinaleta ndogo mno katika ukali wa BPD, katika kujidhuru, katika mambo yanayohusu kujiua na katika uwezo wa mtu kuishi na wenzake na kufanya kazi. Huko nyuma, mwaka 2010, uchambuzi wa Cochrane hiyohiyo ulikuwa umetoa matumaini kidogo kwa dawa za kusawazisha hisia. Majaribio yalipoongezeka, matumaini yalipungua.

Hapa watetezi hujibu kwa ustadi: ushahidi huo wenyewe ni hafifu, majaribio ni madogo na mafupi, na kutopatikana kwa ushahidi si ushahidi kwamba kitu hakifanyi kazi. Kweli, Cochrane wenyewe wanasema uhakika wa matokeo hayo ni mdogo. Lakini tangu lini mashaka yakawa leseni? Anayempa mtu kemikali ndiye anayedaiwa kuthibitisha kwamba inasaidia. Kama hajui, hajui. Asijaze pengo la ujuzi wake kwa ini na figo za mgonjwa.

Hoja yenye nguvu kuliko zote daktari hawezi kuitoa kwenye jarida, bali huitoa kwa sauti ya chini: "Mimi nimeona kwa macho yangu. Nilimpa, akatulia." Naamini ameona. Mgonjwa wa BPD huja kliniki au huletwa hospitali siku ambayo hali imefika kileleni, na kilele cha BPD, kwa asili yake, hushuka. Akipewa kidonge atatulia baada ya siku chache. Asipopewa, mara nyingi atatulia baada ya siku chache vilevile. Ndivyo makundi ya vidonge vitupu yanavyoonyesha, jaribio baada ya jaribio. Dawa iliyokuwepo wakati dhoruba inapita hupewa sifa ya kuipitisha.

Na sifa hiyo ndiyo inayoleta maafa, kwa sababu kilele kingine kitakuja. Kikija, daktari hatasema dawa ya kwanza haikufanya kazi. Si aliona mwenyewe ikifanya? Atasema haitoshi. Ataongeza ya pili. Safari ijayo mgonjwa ataangukia kwa daktari mwingine, ambaye kwa adabu ya kitaaluma hatagusa alichoandika mwenzake, ataongeza yake. Mary Zanarini na wenzake wa Hospitali ya McLean, karibu na Boston, waliowafuatilia wagonjwa 290 wa BPD tangu miaka ya 1990, waliona kwamba hata baada ya miaka sita asilimia 40 walikuwa wakimeza dawa tatu au zaidi kwa wakati mmoja, na asilimia 20 dawa nne au zaidi. Hakuna jaribio lililowahi kuonyesha kwamba mchanganyiko wa dawa nne unamsaidia mgonjwa wa BPD. Hakuna mtu aliyekaa chini akaupanga. Umejengeka wenyewe, kama banda linaloongezwa chumba kila anapokuja mgeni.

Turudi kwa binti yetu. Tuseme amehudhuria kliniki miaka mitatu. Kwenye mfuko wake wa plastiki mna amitriptilini aliyopewa alipolalamika usingizi, flwoksetini ya sonona, valproeti ya hisia, olanzapini ya "kumtuliza" na diazepamu ya siku mbaya. Hata moja haikuandikwa kwa nia mbaya. Sasa zitazame zikiwa pamoja mezani mwa mtu ambaye, kwa maelezo ya ugonjwa wake wenyewe, kuna saa katika wiki anatamani kufa.

Amitriptilini ni ya zamani, ni rahisi, na ikimezwa kwa wingi huvuruga mapigo ya moyo na kuua. Kumpa mtu anayejidhuru kopo la mwezi mzima, kwa sababu hana usingizi, ni kitendo ambacho sijapata kukielewa. Diazepamu na ndugu zake hulegeza breki za mtu ambaye breki ndizo zinazomsumbua: utafiti wa Cowdry na Gardner uliochapishwa 1988 ulionyesha wanawake wenye BPD waliopewa alprazolamu wakizidi kupoteza udhibiti wa vitendo vyao, si kupungua. Olanzapini inanenepesha na kusogeza kisukari karibu, halafu tunashangaa msichana wa miaka 23 anayejichukia tayari anapozidi kujichukia mbele ya kioo.

Valproeti inastahili aya yake. Mama akiimeza wakati wa ujauzito, takriban mtoto mmoja kati ya kumi huzaliwa na kasoro za mwili, na watoto 30 hadi 40 kati ya 100 hupata matatizo ya ukuaji wa akili na ujifunzaji. Ndiyo maana Uingereza, tangu 2018, imezuia wanawake wanaoweza kushika mimba wasipewe bila mpango maalumu wa kuzuia ujauzito, na masharti yamekazwa zaidi tangu hapo. Wagonjwa wengi wanaokutwa na BPD kliniki ni wanawake vijana, na kukurupuka katika mahusiano na ngono ni sehemu ya maelezo ya tatizo lenyewe. Daktari anayemwandikia mwanamke huyo valproeti kwa tatizo ambalo valproeti haijathibitika kulisaidia, bila hata kumuuliza kuhusu uzazi wa mpango, amemwekea rehani mtoto ambaye bado hajatungwa.

Lakini dhara linaloniudhi kuliko yote halimo kwenye karatasi ya maelezo ya dawa. Liko nyumbani. Tangu siku binti alipoanza vidonge, kila anapokasirika kuna mtu wa kumuuliza: "Umekunywa dawa leo?" Kaka kachukua pesa zake bila ruhusa, naye kapandisha sauti: umekunywa dawa? Mchumba kachelewa kurudi tena, naye kauliza alikuwa wapi: wewe dawa zako umekunywa? Hasira ya haki na hasira ya ugonjwa zimetiwa kapu moja. Mtu ambaye kazi yake kubwa maishani ni kujifunza kutofautisha hasira hizo mbili amefundishwa na familia nzima, kwa baraka za hospitali, kwamba zote ni upungufu wa kidonge. Hata yeye mwenyewe huanza kuamini hivyo. Akivuka siku ngumu bila kujidhuru, sifa anaipa dawa. Akishindwa, anadai nyingine.

Marsha Linehan anaweza kutoa ushahidi hapa. Alilazwa katika Institute of Living huko Hartford, Connecticut, mwaka 1961, akiwa na miaka 17, akijikata na kujichoma. Aliambiwa ana skizofrenia. Alipewa Thorazine na Librium, akapigwa shoti za umeme kichwani, akafungiwa peke yake, na alipotoka baada ya zaidi ya miaka miwili hakuwa amepona. Mwanamke huyo ndiye aliyekuja kuwa profesa wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, akabuni tiba ya DBT, ambayo jaribio lake la kwanza la 1991 lilionyesha kwamba wanawake waliokuwa wakijidhuru mara kwa mara wanaweza kupunguza kujidhuru kwa kufundishwa stadi: kuitambua hisia kabla haijawa tendo, kushika barafu mkononi mpaka hamu ya kujikata ipite, kuomba jambo bila kutukana. Siri yake mwenyewe aliitoa hadharani mwaka 2011. Simtaji ili kusema kila mgonjwa atakuwa profesa. Namtaja kwa sababu alipitia mikononi mwa dawa za wakati wake na akaja kujenga tiba yake mahali pengine kabisa.

"Sawa," mpinzani anasema, "lakini DBT iko Seattle. Mimi niko hapa, na nina wagonjwa 40 wa kuwaona kabla ya saa nane." Hii ndiyo ngome yake ya mwisho, nayo ina ukweli ndani yake. DBT kamili inahitaji timu, mafunzo na pesa. Ila kosa ni kudhani kwamba kati ya DBT kamili na kidonge hakuna kitu. Mwaka 2009 Shelley McMain na wenzake wa Toronto walilinganisha DBT na huduma ya kawaida ya kitabibu iliyopangwa vizuri, ile iliyoandaliwa kwa kufuata mawazo ya John Gunderson wa McLean, kwa watu 180. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu kubwa, na hakuna lililolizidi jingine. Mwaka huohuo, London, Anthony Bateman na Peter Fonagy walilinganisha tiba yao maalumu na usimamizi wa kawaida wenye utaratibu, kwa watu 134. Tiba maalumu ilishinda, lakini hata waliopata usimamizi wa kawaida waliendelea vizuri mno kuliko mtu angetarajia. Nitakumbushwa kwamba wagonjwa wa Toronto walikuwa pia na dawa. Walikuwa nazo. Basi mwenye kudhani dawa ndizo zilizofanya kazi arudi asome tena lamotrijini.

Na huduma hiyo ya Gunderson ina nini cha ajabu? Mgonjwa anaambiwa jina la tatizo lake na kuelezwa, badala ya kufichwa. Anaonwa na mtu yuleyule, mara moja kwa wiki ikiwezekana. Wanaandika pamoja karatasi ya siku mbaya: dalili za mwanzo ni zipi, nani wa kupigiwa, nini kifanyike kwanza. Wanazungumzia kazi au masomo kabla ya mapenzi, maana Gunderson aliamini mtu mwenye BPD husimama haraka zaidi akiwa na mahali pa kwenda asubuhi kuliko akiwa na mchumba mpya. Ndugu wanaelimishwa. Muuguzi mwenye subira anaweza kuyafanya haya. Afisa ustawi wa jamii anaweza. Zimbabwe imeonyesha kwamba hata bibi wa mtaani, akifunzwa na kusimamiwa, anaweza kuketi kwenye benchi na kumsaidia mtu mwenye sonona. Jaribio la Dixon Chibanda na wenzake lililochapishwa 2016 lilikuwa na watu 573. Sisemi benchi hilo linatibu BPD. Nasema yule anayedai kwamba bila bingwa hakuna mazungumzo hajatazama majirani zake.

Kuhusu kwetu niongeze jambo moja ambalo vitabu vya London na Boston havina. Nchini Tanzania, sheria ya kanuni ya adhabu bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya nako ilikuwa hivyo mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ya Nairobi ilipokitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha katiba. Binti anayejua kwamba kusema ukweli kunaweza kumpeleka polisi hasemi ukweli. Anavaa mikono mirefu, anasema hapati usingizi. Anapewa dawa ya usingizi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mhGAP, unaofundishiwa wahudumu wasio mabingwa, hauna sura ya matatizo ya haiba, lakini unayo sura ya kujidhuru na kujiua, na humo mhudumu anaelekezwa aondoe vitu vya kujidhuru karibu na mgonjwa, akusanye watu wa kumsaidia na aendelee kuwasiliana naye mara kwa mara. Kopo la amitriptilini linakwenda kinyume kabisa na agizo la kwanza.

Sipingi dawa za akili. Mtu mwenye BPD anaweza pia kuwa na sonona kali, bipolar, kifafa au saikosisi inayojitegemea, na hizo zitibiwe kama zinavyotibiwa kwa mtu mwingine yeyote. Hata NICE inakubali dawa ya kutuliza kwa muda mfupi wakati wa dharura, isiyozidi wiki moja. Na msomaji ambaye anameza dawa hizi sasa asizitupe leo usiku kwa sababu ya makala. Diazepamu iliyozoeleka na valproeti zikikatizwa ghafla zinaweza kuleta degedege. Kupunguza ni kazi ya wiki na miezi, pamoja na daktari.

Zanarini na wenzake walipofikisha miaka kumi ya kuwafuatilia wagonjwa wao, asilimia 93 walikuwa wamepata kipindi cha angalau miaka miwili bila dalili za kutosha kuitwa BPD. Ni nusu tu waliofikia kupona kwa maana kamili, yaani kuwa pia na kazi na mahusiano yanayoeleweka. Basi dalili nyingi hupungua zenyewe kadiri miaka inavyokwenda, na kinachobaki kikiuma ni kazi na watu. Sisi tunaelekeza vidonge kule ambako muda ungefanya kazi yake, na kule kunakohitaji mkono wa mtu tunapeleka tarehe ya kliniki ijayo.

Mwongozo mpya wa madaktari wa akili wa Marekani, wa 2024, umerudi nyuma kutoka kwenye mishale ya 2001. Sasa unasema dawa ikitumika iwe ya muda maalumu, ilenge dalili moja inayopimika, iambatane na tiba ya mazungumzo, na orodha nzima ya dawa ipitiwe angalau kila miezi sita. Kwangu bado umeacha mlango wazi kupita kiasi, lakini laiti hata huo ungefuatwa. Ndugu mnaomsindikiza mgonjwa, kliniki ijayo bebeni dawa zake zote, mziweke mezani, na kwa kila moja muulize ilianza lini, ilikuwa ya nini, imesaidia nini na itaisha lini. Ile ambayo daktari hawezi kuijibia, mwombeni siku hiyohiyo apange namna ya kuipunguza.